Mjadala: Mji wa watu laki nane una ubavu wa kulea timu ya NHL?

Mleta mada, Winnipeg

Wakuu, habari za leo. Huku Winnipeg hoja hii inabishaniwa makazini, vinyozini na hata nje ya kanisa baada ya ibada, kwa hiyo naileta tuijadili kwa hesabu. Kwa wasiofuatilia: NHL ndiyo ligi kubwa kuliko zote za hoki ya barafu. Ina timu 32, saba zikiwa Kanada. Winnipeg na vitongoji vyake ilihesabiwa kuwa na watu 834,678 mwaka 2021, na hakuna mji mdogo kuliko huu wenye timu ya ligi hiyo.

Msimamo wangu ni kwamba mji wa ukubwa huu hauimudu timu ya NHL. Wanaoimudu ni tajiri aliyeinunua, kanuni za ligi na bei ya dola, na yote matatu yako nje ya mamlaka ya halmashauri yetu. Ndiyo maana nasema fedha za umma zisiingie humo.

Tazameni historia. Timu yetu, Jets, ile ya kwanza, iliingia NHL mwaka 1979 pamoja na Edmonton, Québec na Hartford. Mwaka 1995 ilipokaribia kuondoka, makumi ya maelfu ya watu walikusanyika The Forks, eneo la wazi katikati ya mji wetu, na watoto walivunja vibubu vyao kuichangia. Mapenzi ya mji hayakuwa na kasoro hata kidogo. Lakini wachezaji walilipwa kwa dola za Marekani wakati dola ya Kanada ilikuwa na thamani ya senti 73 hivi za Marekani, ligi haikuwa na kikomo cha mishahara (kiwango cha juu ambacho timu inaruhusiwa kuwalipa wachezaji wake wote kwa msimu), na uwanja ulikuwa wa zamani. Timu ikahamia Phoenix mwaka 1996.

Kilichoirudisha NHL hapa mwaka 2011 si kwamba mji ulikuwa umetajirika. Wamiliki walikuwa wamewafungia wachezaji milango msimu mzima wa 2004–05 mpaka kikomo cha mishahara kikapatikana. Dola ya Kanada ilikuwa imepanda hadi kulingana na ya Marekani. Na David Thomson, wa familia tajiri kuliko zote Kanada, aliungana na Mark Chipman, mfanyabiashara wa hapa, kuinunua timu iliyoshindwa Atlanta. Tiketi za msimu 13,000 zilikwisha haraka ajabu.

Sasa pigeni hesabu hii. Kikomo cha mishahara cha 2025–26 ni dola milioni 95.5 za Marekani. Dola yetu ikiwa na thamani ya senti 72, timu inayotumia mpaka kikomo hulipa takriban milioni 132 za Kanada. Uwanja wetu una viti 15,000 na kidogo, na mechi za nyumbani ni 41, yaani viti kama 615,000 kwa msimu. Gawanyeni: kila kiti, kila usiku, kinadaiwa dola 215 za Kanada kwa mishahara ya wachezaji peke yake, kabla ya umeme, ndege, makocha na kodi. Kama dola zingelingana, deni la kiti hicho lingekuwa 155. Dola 60 za kila kiti zinaamuliwa na soko la fedha, si na sisi. Kufikia msimu wa 2023–24 tiketi za msimu zilikuwa zimeshuka chini ya 9,500, na mkuu wa ligi, Gary Bettman, akaja mwenyewe kuongea na wafanyabiashara wa mji.

Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji, Edmonton

Mkuu, hesabu yako ni safi ila umehesabu mfuko mmoja tu. Hakuna timu inayolipa mishahara kwa viingilio pekee. Kampuni ya mawasiliano ya Rogers ilinunua haki za matangazo ya NHL nchini Kanada kwa dola bilioni 5.2 za Kanada kwa miaka 12, na mkataba mpya unaoanza 2026–27 ni bilioni 11 kwa miaka 12. Fedha hizo zinaingia ligi nzima, na Winnipeg inapata fungu lake hata uwanja ukiwa mtupu. Ongeza udhamini, vinywaji, jezi, matamasha katika ukumbi huohuo, na mgawo ambao timu zenye mapato makubwa huwapa zenye mapato madogo.

Halafu usiseme mji hauna mamlaka. Mwaka 1998 timu yetu, Oilers, ilikuwa njiani kununuliwa na tajiri wa Houston. Wafanyabiashara wa hapa zaidi ya 30 walichanga wakainunua, wakaibeba miaka kumi migumu mpaka alipoichukua Daryl Katz mwaka 2008. Huo ni mji umekataa kunyang'anywa. Leo kuna uwanja wa Rogers Place katikati ya mji tangu 2016, na eneo lililokuwa na maegesho ya magari na majengo yaliyochoka limebadilika.

Mleta mada, Winnipeg

Ndugu yangu, wale zaidi ya 30 waliweka fedha zao. Nawaheshimu sana kwa hilo, na huo ndio msimamo wangu: anayetaka timu aingize mkono mfukoni mwake. Rogers Place ni habari nyingine, mle kuna mkopo wa manispaa unaolipwa kwa kodi za majengo mapya ya eneo lile. Majengo hayo yangejengwa sehemu nyingine ya Edmonton kodi ingeingia vilevile. Wachumi waliochunguza viwanja vya Amerika Kaskazini kwa miongo kadhaa, wakiwemo Dennis Coates na Brad Humphreys, wamelikuta jambo hilohilo tena na tena: familia iliyotumia fedha uwanjani haikuzitumia kwenye mgahawa wa mtaani kwake. Fedha zimehama mtaa. Hazikuongezeka.

Kuhusu matangazo, kweli yatatusaidia. Lakini mishahara imefungwa na mapato ya ligi, wachezaji wanachukua karibu nusu. Ligi nzima ikineemeka, kikomo kinapanda kwa wote, na sisi tunapandishiwa gharama na mapato ya New York na Toronto. Kikomo cha kwanza mwaka 2005 kilikuwa milioni 39. Umeona kilipo sasa.

Mchangiaji, Phoenix

Salaam kutoka jangwani, timu yenu ilikoletwa. Nataka niwaondolee wasiwasi mmoja: ukubwa wa mji si dawa. Atlanta ina mamilioni ya watu na imepoteza timu mbili za NHL, moja ilikwenda Calgary mwaka 1980 na nyingine kwenu. Phoenix na miji inayoizunguka ina watu karibu milioni tano, na hoki imetushinda.

Mnaouliza kama mji wa kati unaweza kulipia timu, jibu liko Glendale, mji jirani hapa wenye watu laki mbili na ushee. Uwanja uliofunguliwa 2003 ulijengwa zaidi kwa fedha za mji. Timu ilipofilisika mwaka 2009, ligi yenyewe ikaichukua, na halmashauri ya Glendale ikalipa dola milioni 25 kwa msimu, misimu miwili mfululizo, ili tu timu isiondoke. Halafu mwaka 2013 wakasaini tena kulipa milioni 15 kila mwaka. Mwaka 2015 madiwani wakauvunja mkataba ule. Mwisho timu ikaenda kucheza katika uwanja wa chuo kikuu Tempe wenye viti chini ya 5,000. Mei 2023 wapiga kura wa Tempe wakakataa mradi wa uwanja mpya, na 2024 wachezaji wote wakahamishiwa Salt Lake City.

Glendale walilipa na timu haipo. Fedha hizo zilikuwa za walinzi, barabara na zimamoto.

Mchangiaji, Québec

Ndugu zangu, mimi ni Mkongomani, nimezoea kusema Kifaransa zaidi kuliko Kiswahili, mnivumilie. Nawapa upande ambao Winnipeg hamkuuona: kujenga nyumba kabla ya kumpata bibi harusi.

Timu yetu ya NHL, Nordiques, iliuzwa Denver mwaka 1995 baada ya mmiliki kuomba msaada wa serikali na kutoridhika na jibu. Mwaka uliofuata timu ileile ikachukua Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, ikiwa na jina jipya, Colorado Avalanche. Wazee wa hapa bado wanaiongea kwa uchungu. Kidonda hicho ndicho kilichofanya mji na serikali ya jimbo zijenge uwanja wa dola karibu milioni 370, viti zaidi ya 18,000, ukafunguliwa Septemba 2015. Tuliomba timu. Juni 2016 ligi ikaichukua Las Vegas kwa ada ya dola milioni 500 za Marekani, sisi tukaambiwa tusubiri, sababu mojawapo ikiwa udhaifu wa dola ya Kanada. Mwaka 2018 Seattle ikaingia kwa milioni 650. Ada inapanda na mji wetu uko na watu walewale, karibu sawa na wa Winnipeg.

Uwanja unatumiwa na timu ya vijana, Remparts, na wanamuziki. Ni mzuri, sikatai. Lakini mwishoni mwa 2023 serikali ya jimbo ilitangaza kutoa kati ya milioni tano na saba ili Los Angeles Kings, timu ya NHL, waje kucheza mechi mbili za kirafiki, wakati huohuo walimu wakijiandaa kugoma. Mimi nina watoto katika shule ya umma. Ile habari iliniumiza sana, kwa sababu ilionyesha kwamba serikali ikishajenga uwanja haiachi kulipa. Kila mwaka kuna sababu mpya ya kutoa kidogo tena.

Mchangiaji, Minneapolis

Mbona hamjautaja mji wa Green Bay? Watu laki moja tu na timu ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, inayomilikiwa na wananchi wenye hisa. Hapa jirani kabisa.

Mleta mada, Winnipeg

Green Bay inaishi kwa sababu NFL hugawa fedha za televisheni ya taifa sawasawa kwa timu zote, na ni fedha nyingi kuliko zinazoingia getini. Hoki haijafika huko, getini bado kuna sehemu kubwa ya riziki yake. NHL ikigawa kama NFL nitafunga mada hii mwenyewe. Hilo linaamuliwa na wamiliki 32, wengi wao wakiwa katika miji isiyolihitaji.

Mchangiaji, Winnipeg

Kaka, nakusoma kwa heshima lakini unauona mji kama daftari la mapato na matumizi. Mimi nilifika hapa kutoka kambini Januari, baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, simjui mtu. Lugha ya kwanza mwanangu aliyoongea na watoto wa jirani ilikuwa hoki. Mwaka 2025 timu hii ya mji mdogo ilimaliza ya kwanza katika ligi nzima na kuchukua Presidents' Trophy. Kwenye mtoano dhidi ya St. Louis, mechi ya saba, mchezaji wetu Perfetti alisawazisha zikiwa zimebaki sekunde 1.6, mwenzake Lowry akamaliza katika muda wa nyongeza wa pili. Usiku ule wageni na wenyeji walikumbatiana barabarani na hakuna aliyeuliza unatoka wapi. Maktaba haitengenezi faida na hatuifungi. Bustani hali kadhalika. Kwa nini timu iulizwe faida?

Mleta mada, Winnipeg

Dada, yote uliyosema nayakubali, na ile mechi niliilia. Ila maktaba ina mlango wazi kwa mwanao bure, na ikipanda thamani hakuna mtu anayeiuza. Timu ya NHL tiketi yake wengi wetu hatuiwezi, na siku ikiuzwa faida ni ya mwenye nayo. Mwaka 2011 ilinunuliwa kwa dola milioni 170 za Marekani pamoja na ada ya kuihamisha. Leo ada ya kuingia ligi tu inazidi hiyo mara kadhaa. Kama ni mali ya wote kama bustani, basi na hisa ziwe za wote.

Wakanada wenyewe waliwahi kulijibu hili. Januari 2000 waziri John Manley alitangaza msaada wa serikali kuu kwa timu za hoki. Watu wapendao hoki kuliko chochote walikasirika, na siku tatu baadaye akauondoa.

Mchangiaji, Edmonton

Na timu ikiondoka tena kama 1996? Utawaambia nini watoto?

Mleta mada, Winnipeg

Nitawaambia ukweli, kwamba tuliijazia timu ukumbi na tulikataa kuinunua kwa fedha za shule. Na sioni kwamba itaondoka kesho, Chipman na Thomson wana mizizi ya kweli hapa. Ninachokiogopa ni msimu wa 2027–28. Kikomo kimeshatangazwa: dola milioni 113.5 za Marekani, mechi za nyumbani 42. Kwa senti 72 zilezile kila kiti kitadaiwa dola 250 kwa mishahara tu. Uwanja wa 2004 utakuwa unazeeka, na ombi la msaada huwa linakuja kipindi kama hicho, tena karibu na uchaguzi. Tayari jengo lile lilipata sehemu ya fedha za umma lilipojengwa, na timu inanufaika na mapato ya michezo ya kamari na nafuu ya kodi. Ninachotaka kutoka kwa kila diwani ni ahadi moja ya maandishi: hakuna senti mpya bila vitabu vya hesabu vya timu kuwekwa wazi, na bila mji kupata hisa zinazolingana na ulichotoa. Diwani wangu nimeshamwandikia. Wa Winnipeg, waandikieni wa kwenu.