Acheni kuwageuza wapiga tarumbeta wa bebop kuwa hadithi ya mashavu na heroini

Wakuu, heshima kwenu. Naandika huu uzi nikiwa na hasira na sitaificha.

Kuna kipindi cha redio cha usiku, jina nalihifadhi, kilichotangaza saa nzima ya wapiga tarumbeta wa jazz. Nikaacha shughuli zangu nikakaa kusikiliza. Tukapewa Louis Armstrong. Tukapewa Miles Davis, kisha Miles, kisha Miles tena. Dizzy Gillespie akapata dakika moja: mashavu yake yamevimba kama ya chura, tarumbeta yake imepinda kuelekea juu, mtangazaji akacheka, basi. Fats Navarro akatajwa kama mfano wa vijana walioharibiwa na unga. Clifford Brown hakutajwa kabisa. Na solo pekee ya Dizzy iliyowekwa, yaani sehemu anayopiga peke yake akibuni melodi, mtangazaji aliongea juu yake mwanzo hadi mwisho, kisha akahitimisha kwamba bebop, ule mtindo wa jazz wa kasi uliozaliwa miaka ya arobaini, ilikuwa fujo ya watu waliotaka kujionyesha.

Fujo!

Mimi napiga tarumbeta kwenye kikundi cha matarumbeta cha usharika wetu wa Kilutheri tangu ujana, kwa hiyo nianze na chombo chenyewe. Tarumbeta ina vitufe vitatu tu. Vibonyeze kwa kila namna, utapata urefu wa bomba wa aina saba. Sauti nyingine zote unazitafuta kwa midomo na pumzi. Kwenye saksafoni kuna vitufe tele, na kinachotetemeka ni mwanzi, kijipande chembamba cha tete kwenye kipulizio. Kwetu kinachotetemeka ni nyama ya mdomo wako mwenyewe, na ukiteleza kidogo noti inapasuka, ukumbi mzima unasikia. Ndiyo maana kabla ya 1945 wengi waliamini mistari mirefu yenye kona kali ni kazi ya saksafoni na piano, siyo ya tarumbeta. Mpiga tarumbeta Roy Eldridge alikuwa ameanza kuibomoa imani hiyo miaka ya thelathini, na Dizzy alianza kwa kumuiga yeye. Kisha akaenda mbali zaidi.

Tafuteni rekodi za Dizzy na mpiga saksafoni Charlie Parker za Mei 1945, hasa "Shaw 'Nuff". Tarumbeta na saksafoni wanapiga mstari mmoja, noti kwa noti, kwa kasi ya kutisha, na wanavuta pumzi mahali pamoja. Au nendeni kwenye "Ko-Ko" ya tarehe 26 Novemba mwaka huohuo, mapigo karibu 300 kwa dakika. Siku ile Miles alikuwepo studio, kijana wa miaka 19, akapiga kwenye nyimbo nyingine. Tarumbeta ya "Ko-Ko" aliishika Dizzy, na piano pia akaipiga yeye huyohuyo, angalau kwa sehemu kubwa. Simdharau Miles, nampenda. Ila mtu akiniambia historia ya tarumbeta inaruka kutoka Armstrong kwenda Miles moja kwa moja, namuuliza: huyo aliyepiga "Ko-Ko" siku ile umempeleka wapi?

Na hiyo tarumbeta iliyopinda inayowachekesha, ilipinda mwaka 1953, kwenye sherehe ya mkewe Lorraine, watu wawili walipoiangukia. Dizzy akaipuliza hivyohivyo, akaona anajisikia vizuri zaidi, akaagiza atengenezewe za namna hiyo. Kazi kubwa ya kuujenga muziki huu ilikuwa imeshafanyika miaka minane kabla, kwa tarumbeta iliyonyooka kama ya mtu mwingine yeyote. Unapoanza na kuishia kwenye umbo la chombo, umeiruka kazi yote.

Kazi ilifanyika wapi? Harlem, New York, kwenye klabu ya Minton's Playhouse, mtaa wa 118, Thelonious Monk akiwa kwenye piano na Kenny Clarke kwenye ngoma. Dizzy alikaa mwenyewe kwenye piano akawaonyesha wenzake kordi gani, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, inaweza kukaa badala ya ipi. Walichukua mpangilio wa kordi wa nyimbo za zamani zinazojulikana, wakaujengea juu yake melodi mpya kabisa. "Hot House" ya mtunzi Tadd Dameron imejengwa hivyo juu ya wimbo wa Cole Porter. Hii ni hesabu, jamani, na iliwachukua miaka. Tatizo ni kwamba miaka hiyo haisikiki: chama cha wanamuziki kiligomea kurekodi Agosti 1942, na kampuni kubwa za mwisho hazikukubaliana nacho mpaka Novemba 1944. Santuri zilipotoka, msikilizaji akakutana na jengo lililokwisha bila kuona msingi ukichimbwa.

Wengine humu hurudia kwamba wale jamaa waliua dansi kwa kiburi. Mwaka 1944 serikali ya Marekani iliweka kodi ya asilimia 30, baadaye ikashushwa hadi 20, kwenye kumbi zenye kucheza na kuimba. Mwenye ukumbi angefanya nini? Akaondoa sehemu ya kuchezea, akapanga viti, akaleta watu watano wapige vyombo tu. Mlaumuni aliyetunga kodi. Tena Dizzy huyohuyo ndiye aliyemleta Chano Pozo, mpiga konga kutoka Havana, kwenye bendi yake kubwa mwaka 1947, baada ya Mario Bauzá, mwanamuziki wa Kuba, kumfungua masikio kuhusu midundo ya Kuba. Sisi tuliokulia kwenye rumba ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kumheshimu kwa hilo.

Sasa Fats Navarro, ambaye ndiye aliyenifanya niandike. Mtoto wa Key West, Florida, aliyezaliwa 1923. Dizzy alipoondoka kwenye bendi ya mwimbaji Billy Eckstine, Fats ndiye aliyekalia kiti chake. Hebu fikirieni uzito wa kiti hicho. Na hakumuiga. Dizzy anapaa, anakata, anarusha. Fats ana sauti nene, ya mviringo, na kila noti imefika nzima hata mwendo ukiwa mkali. Sikilizeni alichorekodi Agosti 1949 na mpiga piano Bud Powell, mpiga saksafoni Sonny Rollins akiwa na miaka 18 pembeni yake. Hakuna sentensi inayoachwa njiani. Ndiyo, alitumia heroini, na kifua kikuu kikammaliza Julai 1950 akiwa na miaka 26. Nani amebisha? Lakini heroini haikumfundisha mtu kupiga vile. Kaburi lake lilikaa zaidi ya miaka hamsini bila jiwe lenye jina, na redio nayo ikimtaja inataja sindano. Inaniuma.

Ukimjua Fats ndipo unamwelewa Clifford Brown, maana Fats alimtia moyo, na sauti ile nene ilihamia kwake. Kijana wa Wilmington, Delaware, aliyeingia chuo kusoma hisabati. Juni 1950 akapata ajali mbaya ya gari, akakaa hospitali miezi mingi, na Dizzy akaenda kumsihi asiiache tarumbeta. Alirudi. Rekodi zake zote zimo ndani ya takriban miaka minne. Hakugusa unga, na Sonny Rollins amesema wazi kwamba Clifford ndiye aliyemwonyesha kuwa mtu anaweza kuishi safi na bado akapiga jazz ya kweli. Usiku wa tarehe 26 Juni 1956, kwenye barabara kuu ya Pennsylvania, mvua ikinyesha, gari likaacha njia. Akafa yeye, mpiga piano Richie Powell na Nancy, mke wa Richie. Clifford alikuwa na miaka 25.

Wapiga tarumbeta waliofuata: Lee Morgan ametoka hapo. Freddie Hubbard ametoka hapo. Woody Shaw pia. Mkisikia kijana leo, popote duniani, anapiga mistari mirefu kwenye tarumbeta na kila noti inasikika, huyo anadaiwa na Clifford hata kama jina lake hajawahi kulisikia. Na sijamgusa Kenny Dorham, ambaye kila mwanafunzi wa jazz anaanzia kwenye "Blue Bossa" yake bila kujua mtunzi ni mpiga tarumbeta.

Mtangazaji, kama upo humu, ninachotaka ni kidogo. Weka solo ya Fats ile ya 1949, na ya Clifford kwenye "Joy Spring", funga maikrofoni, uziache ziishe. Na nyie mnaosema ni fujo, njooni na solo mnayoiona fujo, tajeni inaanzia dakika ya ngapi, tuisikilize pamoja hapahapa noti kwa noti. Nitajibu kila mmoja.