Wauza samaki wa mapambo Nakuru, acheni kuuza tangi na samaki siku moja!

Ndugu zangu, leo sina salamu ndefu. Nimekasirika na nataka wenye maduka wasome.

Mteja anaingia dukani hapa mjini. Anauziwa tangi la kioo, kokoto za rangi, pampu, na samaki wa dhahabu kwenye mfuko wa nailoni, vyote kwa mpigo mmoja. Anaambiwa ajaze maji ya mfereji, amwage samaki, basi. Hazipiti wiki mbili maji yanakuwa meupe kama yaliyooshewa mchele na samaki wanapanda juu kuhema. Anarudi dukani, anauziwa dawa ya bluu. Samaki wanakufa. Anauziwa wengine, na dawa nyingine. Kila anaporudi anaacha pesa, na hakuna hata siku moja anayoambiwa kinachowaua.

Kilichonifanya nifungue uzi huu ni dada yangu anayekaa Lanet. Alimnunulia mwanawe tangi, maji yakachafuka, akampigia simu aliyemuuzia. Akaambiwa amwage maji yote, asugue kioo na kokoto kwa dawa ya klorini ya kufulia, na asafishe sponji ya filta chini ya mfereji mpaka iwe nyeupe. Alifuata yote neno kwa neno. Jioni ile tangi lilikuwa linang'aa, mtoto anashangilia. Kulipokucha samaki wote walikuwa chali. Nilimtoa mmoja nikamwangalia: matamvua yamewiva wekundu wa kuungua, mapezi yamebanwa ubavuni, ute umemtoka mwili mzima. Dada alipopiga simu tena akajibiwa, "Mama, wewe uliwalisha sana." Yaani makosa sasa ni yake! Mtoto alilia hadi akakataa kwenda shule, halafu muuzaji anauliza kama wamletee wengine.

Sikilizeni nyinyi mnaouza. Samaki anatoa amonia kupitia matamvua na kinyesi, na chakula kinachobaki chini kikioza kinatoa amonia pia. Amonia ni sumu na haina rangi. Kinachoiondoa ni bakteria wanaokaa kwenye sponji, kokoto na kioo. Kundi la kwanza linaigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu kwa sababu inaharibu damu ya samaki isibebe oksijeni. Kundi la pili linaigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo samaki anaivumilia kwa kiasi mpaka uipunguze kwa kubadilisha maji. Tangi jipya halina bakteria hao. Kuwasubiri wajijenge huchukua kama wiki 4 hadi 6. Ule utelezi wa kahawia kwenye sponji mnaowaambia watu waoshe ndio bakteria wenyewe! Ukiusugua chini ya mfereji wenye klorini umeua kitu pekee kilichokuwa kinawalinda samaki, na ukimwaga maji yote samaki anapigwa na badiliko la ghafla juu yake. Kwa hiyo maji yanaweza kung'aa na yakaua.

Halafu kuna jambo la kwetu hapa ambalo sijasikia muuzaji hata mmoja akiligusa. Mitaa mingi ya Nakuru inatumia maji ya visima virefu, au ya mtu aliyeletewa na lori. Bonde la Ufa lina visima vingi vyenye floraidi na alkali. Meno ya kahawia ya watu wetu mnayaona, na Ziwa Nakuru lenyewe lina pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji, 7 ni katikati) ya karibu 10. Sasa ukali wa amonia unategemea pH: ikipanda, sehemu kubwa zaidi ya amonia inageuka kuwa ya sumu kali. Kwenye maji ya nyuzi joto 25, pH ikiwa 7, sehemu yenye sumu kali haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Ikiwa 8 ni karibu asilimia 5. Ikipanda hadi 9 inapita theluthi moja. Kiasi kile kile cha uchafu ambacho samaki wa mahali pengine angekivumilia, hapa kinamuua. Mtu anayeuza samaki Nakuru bila kumuuliza mteja maji yake yanatoka wapi hajui kazi yake, au anaijua na hajali.

Kwa mwenye maji mabaya sasa hivi, usimwage yote. Toa robo, hata theluthi ikiwa samaki wanahema juu, na urudie kesho na kesho kutwa. Vuta kwa mpira kutoka chini kwenye kokoto, uchafu uko huko. Maji mapya ya mfereji yalaze kwenye beseni usiku mzima klorini ipotee, lakini kama mtambo wenu wa maji unatia kloramini (klorini iliyoungana na amonia) hiyo haipotei kwa kulazwa, utahitaji dawa iliyoandikwa kuwa inaondoa kloramini. Usiku wa Nakuru ni baridi, kwa hiyo hakikisha maji mapya yana joto linalokaribiana na ya tangi. Acha kuwalisha siku moja au mbili, samaki mkubwa mwenye afya hafi njaa kwa hilo. Sponji ikamulie ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, basi, irudishe. Kama una rafiki mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, mwombe kipande cha sponji yake. Hicho kinasaidia kuliko chupa zote za dukani. Na ile dawa ya bluu usiimwage tangini ovyo, inaweza kuua bakteria hao hao. Stima ikipotea kwa saa nyingi, jueni pia pampu inasimama na bakteria wanakosa hewa.

Vile vibakuli vya duara sitavizungumzia sana. Samaki wa dhahabu anaweza kupita sentimita 20 na kuishi zaidi ya miaka 10. Kumuuza ndani ya bakuli la lita tatu ni ukatili.

Najua watakachosema: mteja hana subira, akiambiwa asubiri mwezi ataenda duka la jirani. Mfugaji wa ngege (tilapia) kule Vihiga au Kakamega haweki vifaranga siku anayomaliza kuchimba kidimbwi. Anatia chokaa, anatia mbolea, anasubiri maji yageuke kijani, ndipo anaenda kuchukua vifaranga. Hajasomea chuo kikuu, alielezwa tu na mtu wa uvuvi na akaelewa. Mbona mama wa Lanet asielezwe? Muuzieni tangi leo, mwambieni aendeshe filta na atie chembe za chakula zioze humo ziwalishe bakteria, aje kuchukua samaki maji yakishapimwa. Hamtapoteza mteja. Mnampoteza pale samaki wake wanapokufa mara ya tatu na anauza tangi lenyewe kwa bei ya kutupa.

Sasa naomba wenye uzoefu mnisaidie. Nimeuliza vipimo vya amonia, nitriti na pH katika kila duka la samaki ninalolijua mjini, na naishia kuoneshwa chakula na taa za rangi. Anayejua panapouzwa, Nakuru au hata Kisumu, aandike hapa chini pamoja na bei. Dada yangu bado ana tangi, na safari hii hakuna samaki atakayeingia kabla amonia na nitriti hazijasoma sifuri.