Mbio za mbwa zipigwe marufuku au ziachwe ziendelee? Nimekwenda uwanjani, nimeona

Wakuu, salaam. Kabla sijaja Uingereza, mbio za mbwa nilizijua kwenye kibanda cha kubeti Mbagala: mbwa wa kompyuta, unachagua namba, mkeka unachanika, unarudi nyumbani. Mwezi uliopita wenzangu wa kazini wakanialika nikawaone wa kweli, wale wembamba wanaoitwa greihaundi.

Raha ipo, sitaficha. Taa zinawaka, chipsi zinanukia, wazee wameinamia ratiba wakiweka alama kwa kalamu. Mbwa sita, kila mmoja na kizibao chake: namba moja nyekundu, mbili bluu, sita milia ya nyeusi na nyeupe. Wanaingizwa vizimbani, sungura wa bandia anapita kwenye reli, milango inafyatuka. Mita 480 zinakwisha nusu dakika haijatimia. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Mbio ya nne, kona ya kwanza, watatu wakagongana. Namba tano alibiringika mchangani, akainuka kwa miguu mitatu, wa nne unaning'inia. Bado alikuwa anataka kuwafuata wenzake. Binti aliyemleta alikimbia akamkumbatia shingoni, analia. Mezani kwetu watu walishaanza kuchagua mbwa wa mbio ya tano.

Mwenzangu mmoja akaniambia ajali zipo kila mchezo. Nakataa. Mbwa hao hupita kilomita 60 kwa saa, na wote sita wanaigombea kona ile ile kwa wakati mmoja. Takwimu za chama chenyewe kinachosimamia viwanja vyenye leseni zinaonyesha kuwa mwaka 2024 mbwa zaidi ya 100 walikufa viwanjani, na majeraha yalipita 3,500. Kona zinajulikana, na mbwa wanaendelea kupelekwa huko huko.

Akaja na hoja ya utamaduni: babu zao wafanyakazi wa viwandani wamekwenda mbioni tangu Belle Vue, Manchester, ilipofunguliwa 1926. Hiyo naiheshimu. Lakini siku hizi mbio nyingi hukimbizwa mchana, majukwaa karibu matupu, ili zirushwe kwenye maduka ya kubeti. Sasa kama shida ni kubeti tu, wale mbwa wa Mbagala hawavunjiki miguu. (Mifuko ya vijana wetu inavunjika kweli, na hilo linahitaji mjadala wake.)

Wapiga kura wa Florida, Marekani, walizikataa mbio hizi mwaka 2018. New Zealand ilitangaza Desemba 2024 kwamba itazifuta, Wales nayo ikatangaza Februari 2025. Mimi naona England ifuate, ila kwanza ijulikane mbwa waliopo watalelewa na nani, na wale wanaoishi kwa kazi hiyo, kama yule binti, watakula wapi.

Mnaotetea mchezo huu, karibuni, ila naomba mnijibu hili. Kule Healesville, Australia, mbwa wanakimbia kwenye njia iliyonyooka, kona hakuna. Kama mnawapenda mbwa hawa kama mnavyosema, kwa nini viwanja vya Uingereza bado ni vya kuzunguka? Aliyewahi kufika Healesville atueleze alichokiona.