Patasi za kukereza zikae wapi?

Wakuu, chumba ni futi 8 kwa 10. Mashine ya kukereza (inayozungusha mti ili uuchonge kwa patasi) iko kando ya ukuta, patasi nimezitundika ukutani nyuma yake. Sawa?

— Hapana. Kuzifikia unapitisha mkono juu ya mti unaozunguka. Shati likinaswa, umekwisha. Zihamishie mwisho wa mashine, upande usio na mota. Kata vipande vya bomba la plastiki la inchi 2, uzisimamishe humo, mpini chini, makali yaonekane.

— Grinda ya kunolea nayo iwe hatua mbili tu kutoka kwenye mashine. Ikiwa mbali utavivia kunoa, na patasi butu inachana nyuzi badala ya kukata. Ila zoa maranda kwanza, cheche hizo!

— Urefu je? Sentá ya mashine, yaani ncha inayoshika mti katikati, ilingane na kiwiko chako. Ikiwa fupi, inyanyue kwa mbao ngumu, mgongo utakushukuru.