Vanishi kwenye sakafu ya mvule: inatoka na vipele na inanata

Mkazi_Ilemela:
Wakuu habari. Sakafu ni ya mvule, vyumba viwili, jumla mita za mraba 40, nyumba iko karibu kabisa na ziwa. Fundi ameshapiga msasa wa mashine na kumalizia namba 120. Tumejaribu vanishi ya poliyurethani ya mafuta kwenye kona moja: ina vipele vinavyokwaruza mkono, alama za brashi zinaonekana, na siku ya pili bado inanata hapa na pale. Fundi anashauri tutangulize sanding sila (ile ya kuziba vinyweleo vya mbao kabla ya vanishi) kama anavyofanya kwenye makabati. Yuko sahihi? Na ninunue lita ngapi?

Seremala_Igoma:
Mkuu, anza na huko kunata, maana ndiko kutakakoharibu kazi nzima. Mvule una mafuta yake ya asili yanayozuia vanishi ya mafuta isikauke. Mtiki nao una tabia hiyo. Lowesha kitambaa cheupe kwa thina, futa ubao. Kikitoka na rangi ya njano au kahawia, endelea na vitambaa vipya mpaka rangi ipungue. Fungua madirisha, iache thina ipae kama nusu saa, kisha paka mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la vanishi, siku hiyohiyo. Ukilaza hadi kesho, mafuta yanapanda tena juu.

Ile kona inayonata ikwangueni yote mpaka kwenye mbao. Mkipaka juu yake, mkono wa juu utafanya ngozi, wa chini utabaki mbichi, na uso utakunjamana.

Sanding sila hapana. Nyingi za makabati zina kiungo kinachorahisisha kupiga msasa, lakini poliyurethani haishiki vizuri juu yake. Kabati halikanyagwi, sakafuni vanishi itabanduka magamba. Mkono wa kwanza uwe vanishi ileile, sehemu tisa kwa sehemu moja ya waiti spiriti (kiyeyusho cha vanishi ya mafuta). Thina ya kusafishia mbao isiingie kwenye kopo la vanishi.

Rangi_Nyamagana:
Vipele ni vumbi, na kwa nyumba ya ufukweni ongeza wadudu wa ziwani. Ufagio unalirusha vumbi tu, halafu linatua kwenye vanishi mbichi. Tumieni mashine ya kunyonya vumbi, mkianzia kwenye fremu za madirisha na kuta, ndipo mshuke sakafuni na kwenye nyufa kati ya mbao. Malizieni kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kilicholoweshwa waiti spiriti kidogo.

Pakeni asubuhi, unyevu wa usiku ukishaisha. Jua likikolea, upepo wa ziwani unaingia ndani na vumbi lake, kwa hiyo fungeni madirisha ya upande wa ziwa na kuacha ya upande wa pili wazi. Jioni zimeni taa zote: wale wadudu hufuata mwanga, na mwezi ukiandama ndipo hutoka kwa wingi. Masika vanishi inachelewa kukauka, ongezeni muda.

Kopo halitikiswi, mtapata mapovu. Korogeni taratibu kwa kijiti bapa mpaka chini, kisha chujeni kwa soksi ya nailoni. Rola ya sponji nayo inaleta mapovu.

Mkazi_Ilemela:
Nashukuru sana wakuu. Alama za brashi je?

Seremala_Igoma:
Zinatokana na kurudia sehemu ambayo imeshaanza kushika. Chukua brashi ya nywele za asili, inchi 4. Anzia ukuta ulio mbali na mlango, paka mbao tatu nne kwa urefu wake wote, ukifuata nyuzi za mbao, kisha pitisha ncha ya brashi mara moja tu na usogee kabla ukingo haujakauka. Ukigundua umeruka mahali na umeshafika mbali, paache. Mkono unaofuata utapafunika.

Lita moja inafunika kama mita za mraba 10, hivyo kopo moja la lita 4 kwa kila mkono. Mikono mitatu, makopo matatu. Usiwabane mafundi wapake mikono miwili minene: vanishi nene inachelewa kukauka chini.

Rangi_Nyamagana:
Kati ya mkono na mkono lazeni usiku mzima, kisha msasa 220 kwa mkono. Angalieni unachotoa: unga mweupe mkavu maana yake imekauka. Ukitoa vidonge vinavyoganda kwenye msasa, simameni mara moja, subirini siku nyingine. Mnaondoa mng'ao na vipele tu, msifike kwenye mbao, hasa kingo za mbao ndizo hukwanguka kwanza. Lazeni tochi sakafuni; panapong'aa bado hapajaguswa. Mkono wa mwisho haupigwi msasa.

Kutembea na soksi baada ya saa 24, fanicha baada ya siku nne, nazo zibebwe, zisiburutwe. Zulia lisubiri wiki mbili.

Wakati wa kufuta na kupaka, moto wowote uzimwe, jiko la gesi la chumba cha pili likiwemo. Vitambaa vyenye vanishi vitandazwe nje kimoja kimoja vikauke. Vikirundikwa kwenye ndoo vinaweza kushika moto vyenyewe.