Je, zabuni ya kompyuta iandike "Intel", au iandike kazi inayotakiwa?

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili bila ushabiki, maana ni pesa za umma.

Mwaka jana nilikuwa kwenye kamati ya kutathmini zabuni ya kompyuta mpakato za shule moja ya umma. Karatasi ya vigezo ilisema "Intel Core i5, RAM GB 8". Mzabuni mmoja alileta mashine zenye Ryzen 5 ya AMD, kampuni inayoshindana na Intel, RAM ileile, diski ileile, na bei yake ilikuwa ya chini kuliko wote. Mwenyekiti alifika kwenye mstari wa prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Si Intel." Bahasha ikawekwa kando. Nilipouliza kama kuna aliyeijaribu hiyo mashine, nikajibiwa, "Mwalimu, AMD sisi hatuijui."

Jibu hilo halijanitoka kichwani. Hatuijui AMD, sawa. Intel tuliijuaje?

Zamani mnunuzi alijua jina la IBM au Compaq. Prosesa ilikuwa kitu cha mafundi. Mwaka 1991 Intel ikaanzisha kampeni ya "Intel Inside": mtengenezaji wa kompyuta akiweka nembo hiyo kwenye tangazo lake, Intel inamrudishia sehemu ya gharama. Stika ikazoeleka mpaka Luthuli Avenue, Nairobi, mtu anaitafuta kwa macho kabla ya kuuliza bei. Hiyo ni biashara halali, wala siwalaumu.

Ninacholalamikia ni kilichofuata. Mei 2009 Tume ya Ulaya iliitoza Intel faini ya yuro bilioni 1.06, ikisema iliwapa watengenezaji punguzo kwa sharti la kununua kwake karibu prosesa zao zote. Katika maelezo ya Tume kuna kisa kinachoniuma kila nikikikumbuka. AMD ilimpa mtengenezaji mmoja prosesa milioni 1 bure. Akachukua 160,000 tu, kwa kuwa angezichukua zote angepoteza punguzo la Intel kwenye mamilioni mengine aliyohitaji. Bure, na bado haikuwezekana kuzichukua! Novemba ya mwaka huohuo Intel ikailipa AMD dola bilioni 1.25 kumaliza kesi zao.

Najua kuna atakayesema faini ilifutwa. Ni kweli, mwaka 2022 mahakama ya Umoja wa Ulaya ilisema Tume haikuthibitisha vya kutosha madhara ya yale mapunguzo. Lakini kosa lingine, la Intel kuwalipa watengenezaji ili mashine zenye AMD zizuiwe au zicheleweshwe kuingia sokoni, halikufutika, na Septemba 2023 Tume ikatoza upya yuro milioni 376.

Wenye shaka na AMD nao wana haki yao. Prosesa zake za Bulldozer za 2011 ziliwaangusha wengi, na ilichukua mpaka 2017, chini ya mkurugenzi wake mkuu Lisa Su, kwa Ryzen kuirudisha kwenye ushindani. Aliyechomeka kipindi kile simlaumu. Ila mwaka 2024 ni Intel iliyolazimika kuongeza miaka 2 ya dhamana kwa prosesa zake za kizazi cha 13 na 14 za kompyuta za mezani, kwa sababu zilikuwa zinakwama. Jina halikuwakinga wateja wale.

Kwenye kamati nililetewa hoja ya mafundi, kwamba wamezoea Intel. Wamezoea nini hasa? Prosesa ya kompyuta mpakato kwa kawaida imechomelewa kwenye ubao. Kinachopelekwa kwa fundi ni skrini, betri, kibodi, tundu la chaji. Na programu ni zilezile. Pakua Ubuntu, mfumo endeshi wa bure, kwa ajili ya mashine yako ya Intel uone faili limeandikwa "amd64", kwa sababu mfumo wa biti 64 tunaoutumia sote uliletwa sokoni na AMD mwaka 2003, Intel ikaufuata.

Sheria yetu ya Kenya ya manunuzi ya umma ya 2015, kifungu cha 60, inakataza vigezo kutaja alama ya biashara, isipokuwa pale ambapo hakuna namna nyingine ya kueleza kinachotakiwa, na hata hapo lazima kinacholingana kikubaliwe. Ulaya nao, mwaka 2004, Tume ilizihoji nchi kadhaa, zikiwemo Ujerumani na Italia, kuhusu zabuni zilizotaja Intel.

Na namna nyingine ipo. Andika idadi ya kori (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa wakati mmoja), alama za chini kwenye jaribio la kasi linalojulikana, saa za betri, miaka ya dhamana. Kisha mwenye Intel na mwenye AMD waje na mashine zao mezani, ziwashwe, zipimwe.

Ningependa kuwasikia wazabuni na walioko kwenye kamati. "Au inayolingana nayo" ikiandikwa baada ya neno Intel, kuna mashine ya AMD umeiona ikipita?