Ndoa Newala: kamati imepiga hesabu ya milioni 13, sisi tuna milioni 3. Naombeni ushauri

Binti Kitangari

Habari zenu wadau, wakubwa shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mtwara mjini, nyumbani ni Newala. Mchumba wangu ni fundi umeme, kwao Mikindani. Wote ni Waislamu, posa imeshaletwa na mahari wazee wameelewana. Tangu mwaka jana tunaweka akiba pamoja, tumefikisha milioni 3 na laki 2. Tulichotaka ni ndoa ya kawaida: watu waje, ndoa ifungwe, wale, watuombee dua.

Sasa imeundwa kamati, wengi ni wafanyakazi wenzangu na ndugu wa mwenzangu wa mjini. Vikao viwili tu, bajeti imetoka milioni 13. Kuna kitchen party, send-off Newala, halafu sherehe ya ukumbini Mtwara, na humo MC, mapambo, keki, video, sare za kamati. Ahadi zote hazijafika milioni 4. Mwenyekiti anasema pengo lizibwe kwa mkopo wangu wa benki kwa sababu mwalimu mshahara wake una uhakika. Tangu siku hiyo silali vizuri.

Huku nyumbani mjomba anataka tusubiri Desemba, korosho zikishauzwa mama atatoa. Mama ana mikorosho michache na wadogo zangu wawili wako sekondari. Fedha ile ndiyo inanunua sare, madaftari na dawa ya kupulizia msimu unaofuata. Nikifikiria iishe kwa siku moja roho inaniuma.

Naanzia wapi bila kuwavunjia wakubwa heshima?

Mama wa Ligula

Marahaba mwanangu, na pole. Nimeoza watoto watatu, nakuambia niliyoyaona.

Mkopo usichukue. Wa kwanza tulimfanyia shughuli kubwa ukumbini, tukakopa. Mtoto alijifungua mtoto wake wa kwanza na deni la harusi bado linakatwa. Hadi leo nikimwona naumia.

Usianze na kamati. Anza na mama yako, mwambie yote kama ulivyotuambia, na umwonyeshe hesabu kwenye karatasi. Kisha yeye akupeleke kwa mjomba. Kwetu huku mjomba ndiye mwenye neno kwenye ndoa ya binti, na mzee akielezwa mapema, kwa adabu, kabla hajatangaza chochote kwa watu, husikiliza. Akisikia mitaani kwamba binti amekataa shughuli, hapo umeharibu. Mjomba akishakubali, yeye ndiye apige simu kwa wazee wa Mikindani, na wazee wa Mikindani ndio wazungumze na kamati. Wewe na mwenzio msigombane na mtu.

Kitchen party iache. Mwombe somo wako, yule mama anayekufunda, akae na wewe jioni mbili, aje na wamama watano wanaokupenda, pikeni chai na vitumbua. Yale utakayoambiwa humo hayahitaji kipaza sauti.

Chuno Boy

Mimi ningevunja kamati leo. Waambie sitaki mchango wa mtu, tunafunga ndoa msikitini tunarudi nyumbani.

Mwanamasasi

Ndugu yangu hapo juu, naheshimu wazo lako ila kwa mama wa binti halitakaa vizuri. Huyo mama amechangia harusi za wenzake miaka mingi, kabeba ndoo za maji, kapika, katoa khanga. Sasa zamu yake imefika, ukimwambia asipokee chochote unawanyima wenzake nafasi ya kurudisha. Watajiuliza wamemkosea nini.

Binti, michango ipokelewe, ila ibadilishwe sura. Aliyeahidi 50,000 aulizwe kama anaweza kuleta mchele au mafuta. Ndugu wa kijijini walete kuku, kuni, nazi, mikono yao. Harusi ya kaka yangu ilikwenda hivyo, na mwisho kilichonunuliwa kwa fedha taslimu kilikuwa nyama, viungo na vinywaji tu. Mwekeni mtu mmoja mwaminifu ashike daftari, aandike kila kinacholetwa na jina la aliyeleta, maana siku moja mama atarudisha.

Mpishi wa Shughuli

Dada, tupe idadi ya watu. Bila idadi hakuna bajeti, na kamati nyingi zinakosea hapo hapo, zinapanga mapambo kabla ya kuhesabu midomo.

Mimi napika shughuli miaka 11 sasa. Kwa pilau nahesabu kilo 1 ya mchele watu 6. Wageni 150 ni kilo 25, ongeza 5 za tahadhari, maana kijijini watoto hawahesabiki na hawafukuzwi. Nyama kilo 30 zinatosha. Mchele wa Kitere ni mzuri kwa pilau kama ni wa zamani kidogo, mpya unashikana. Kachumbari, ndizi, juisi ya ukwaju ya kutengeneza wenyewe, basi. Soda waekewe wazee na wageni wa mbali.

Jambo ambalo watu wa mjini husahau wakipeleka shughuli Newala ni maji. Kule juu uwandani maji ni shida, na mchele, vyombo, wudhu, chai ya usiku vyote vinayataka. Agiza mapema, jaza mapipa siku mbili kabla, mpe kijana mmoja kazi ya kuyalinda. Nimewahi kufika kwenye shughuli saa 11 alfajiri, sufuria zipo, nyama ipo, maji hakuna. Tulianza kupika saa 4.

Kaka wa Lindi

Naongeza la tarehe. Desemba mvua za huku zinaanza na shughuli ya uwanjani inataka maturubai ya uhakika. Oktoba na Novemba watu wako mashambani wanaokota korosho. Mkiweza mapema Septemba ni pakavu, korosho hazijaanguka kwa wingi, na watu bado wana chakula cha mavuno ghalani.

Kama kuna ndugu wa kutoka Dar, wakwepesheni masika. Mei 2024 baada ya Kimbunga Hidaya barabara ilikatika upande wa Kilwa, na nilikuwa na wageni wa harusi waliokwama njiani huku chakula kimeshapikwa.

Mama wa Ligula

Nimesahau jambo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mtoe taarifa ya kusudio la kuoana siku 21 kabla. Shekhe atakayefungisha awe msajili, mwenye kitabu cha vyeti. Cheti usikiache mwanangu, utakihitaji siku ukitaka kumwandikisha mume kwenye bima yako ya afya.

Binti Kitangari

Wadau, nimerudi. Jumamosi nilikwenda Newala.

Mama alilia kidogo, akasema alikuwa anaogopa kuniambia kuwa hana uwezo huo. Tukaenda kwa mjomba pamoja. Nilimpa karatasi, akaisoma kimya, akauliza, "Huu mkopo ungelipa nani?" Nikamwambia mimi, miaka minne. Akaikunja ile karatasi akaiweka mfukoni, akampigia mzee wa Mikindani tukiwa tumekaa hapo hapo.

Ni Jumamosi ya kwanza ya Septemba, nyumbani Newala, watu 150. Hakuna ukumbi. Tukimaliza kula wananipeleka Mikindani kwa koasta moja na upande wa mume watatupokea kwa chai. Kamati imebaki watu watano, na mwenyekiti ameshika daftari. Alikasirika mwanzo, jana amenipigia akasema ataleta mchele kilo 10.

Mpishi, naomba uniambie: mapipa mangapi ya maji kwa watu 150?

Mpishi wa Shughuli

Hongera sana dada. Pipa la lita 200, chukua 5. Matatu ya jikoni na vyombo, 1 la wudhu, 1 lisiguswe mpaka jioni. Nitumie ujumbe, masufuria nitakuja nayo mwenyewe.